LANDROVA LA MZEE LAPATA MIGUU MIPYA

Kaka zangu wanaamini gari likishaoza chini, dawa yake ni mizani ya chuma chakavu. Mimi nikasema, ngojeni kwanza!

Pikapu la mzee ni Landrova 109, Series III, zile zilizoanza kutengenezwa 1971. Bodi lake sehemu kubwa ni aluminiamu, halishiki kutu. Chasisi ndiyo ya chuma, na hewa ya chumvi ya Tanga ilishaitoboa kama chujio.

Basi nikanunua chasisi ya Toyota Hilux iliyopinduka, pamoja na injini yake ya dizeli na breki za diski mbele. Kasheshe ikawa vipimo. Hiyo 109 ni inchi kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, yaani sentimita 277. Hilux ile ina 285. Fundi hakutaka kukata chasisi katikati. Alisogeza springi za nyuma sentimita 8, akafupisha propela shafti, akachomelea vishikio vipya vya bodi.

Kaka zangu wanabisha eti hiyo si Landrova tena. Shauri yao! Mzee ana miaka 74 na hataki kuendeshwa. Enzi za breki za ngoma, akienda Muheza mama halali mpaka arudi. Sasa analala.

Ukitaka kuiga, msomaji, usisahau kadi ya gari, maana namba ya chasisi inabadilika.

Mzee mwenyewe alilipiga bodi kofi, akacheka: "Mwanangu, sura yangu, magoti yako!"