Swichi ya Neno Moja

Wenzangu mnaosoma ualimu wa kompyuta, neno typeof mnalijua. Ukiliandika kwenye programu ya C, unaiambia kompaila ichukue aina ya kitu fulani, iwe namba nzima au desimali, bila wewe kuitaja. Tamu sana. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi halikuwemo kwenye C rasmi. Watu wa GCC waliliongeza wenyewe, likazoeleka, hadi kiwango cha C23, kilichochapishwa mwaka 2024, kikalipokea.

Kwa hiyo GCC ina swichi. Andika -std=gnu11, neno linafanya kazi. Andika -std=c11, halijulikani kabisa. Ipo pia -fno-asm: ukiiongeza kwenye gnu11 inazima asm na typeof tu, mengine yanabaki. Na si ubishi wa bure, maana mtu mwenye programu ya zamani anaweza kuwa alishaipa variabo yake jina hilo hilo typeof. Usipomzimia, programu yake inakufa. Anayetaka amani kote anaandika __typeof__, ina sura mbaya lakini inakubalika huku na huku.

Mimi swichi naiunga mkono. Mtoto wa Unguja anaandika skuli, wa Tabora anaandika shule, na wote wanaandika Kiswahili. Ila kama mtihani unataka moja, si uwaambie mapema?

Hapo ndipo linaponiuma. Rafiki yangu wa mwaka wa pili aliandika zoezi kwenye laptop yake, likakubali bila hata onyo moja. Mashine ya kusahihishia ilikuwa imewekwa c11. Sifuri. Jamani, kazi ya wiki mbili! Na alama zile ndizo zilizokuwa kati yake na sapu. Karatasi ya zoezi ilisema "tumia C", basi. C ipi?

Mwakani naenda mazoezi ya kufundisha. Kabla sijaandika neno "variabo" ubaoni, nitaandika amri nzima ya kompaila, pamoja na -std yake, na wanafunzi wainakili kwenye madaftari. Najua wengine watasema namtafunia mwanafunzi. Sawa, nitafune.

Rafiki yangu alikata rufaa. Hadi naandika haya majibu hayajatoka, na usajili wa sapu unafungwa Ijumaa.