Nyumba Isiyopata Mnunuzi

Kwetu Baraka nyumba yaweza kuwa na matofali ya kuchoma na mabati mazima, ikakaa misimu miwili ya mvua bila mnunuzi. Mjane mmoja wa shirika letu alituomba msaada katika jambo hilo. Alitaka kuhamia Fizi, karibu na binti yake, na kulipa karo ya wajukuu. Bei alikuwa ameishusha mara tatu, na kila aliposhusha, wageni walipungua. Bei inayoshuka upesi humfanya mtu aulize nyumba ina kasoro gani.

Tulikwenda kuitazama watu wanne. Ukutani, upande wa barabara, bado yalisomeka maneno meusi: "Nyumba hii haiuzwi." Katika miji ya Kongo watu huandika hivyo kuwazuia matapeli wauzao mali ya wengine. Mama aliyaandika wakati wa ugomvi na mashemeji. Ugomvi ukaisha, maneno yakabaki. Nani angebisha hodi?

Lakini kufuta hakutoshi. Hofu ya mnunuzi hapa ina historia. Mwaka 1996 vita viliwavusha watu wetu wengi ziwa hadi Tanzania. Tangu Oktoba 2005, meli za kuwarudisha kutoka Kigoma zilipoanza kufika Baraka, wako waliokuta viwanja vyao vimekaliwa. Kwa hiyo mwenye fedha haanzi kwa kuhesabu vyumba. Auliza nani atakuja kesho kudai. Sheria ya ardhi ya 1973 yasema ardhi ni ya Serikali, na haki ya mtu huthibitishwa kwa hati ya usajili. Wengi wetu tuna karatasi ya mauzo tu, yenye sahihi za mashahidi. Tena Sheria ya Familia huwapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi. Mjane hauzi peke yake. Basi baraza la familia likakutana, binti akatia sahihi, wana wawili walioko Nyarugusu wakaleta kibali cha maandishi, majirani wakatembea nasi mpaka kwa mpaka, chifu wa mtaa akishuhudia. Yeremia alinunua shamba la Anathothi huku adui ameuzingira mji, na hati zake, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, zikawekwa katika chombo cha udongo. Watu walioonja vita huijua thamani ya karatasi.

Makomisioneri walikuwa watano, kila mmoja na bei yake. Tukabakiza mmoja.

Lililotugawa ni alama ya maji. Ziwa lilipopanda mwaka 2024, maji yaliingia chumba cha nyuma yakaacha mstari ukutani. Komisioneri alitaka upakwe rangi kabla ya wageni kuja, na baadhi ya vijana wetu waliona ana haki: mama ni maskini, na mnunuzi ana macho yake. Mama alikataa. "Huyo atalaza watoto humu," alisema. Vyumba vyote vikapakwa rangi isipokuwa ukuta ule. Vijana wakachimba mfereji na kuinua kizingiti.

Tangu Pasaka wamekuja wageni watatu. Wawili waliondoka walipoonyeshwa mstari. Wa tatu, mvuvi, aliupima kimo kwa viganja, akauliza mfereji unamwaga wapi, kisha akaomba karatasi na kuzisoma zote akiwa amesimama. Amesema atarudi Jumamosi na mkewe.