Nambari Mbili za Kilwa

Kila mahali duniani pana jina na pana nambari. Jina hutolewa na watu waliokaa hapo. Nambari hutolewa na hesabu. Jina lina asili, mapenzi na ugomvi. Nambari haina rafiki wala hasimu. Zamani elimu ya nambari hizi ilikuwa mali ya mabaharia na wapima ardhi. Leo mtu ye yote mwenye kompyuta na intaneti aweza kuandika nambari mbili, na mara dunia ikageuka mbele yake, ikasimama mahali alipopataka, akapaona kutoka juu kwa jicho la setilaiti.

Nambari ya kwanza ni latitudo, nayo hueleza umbali wa mahali kaskazini au kusini ya ikweta. Ya pili ni longitudo, ya mashariki au magharibi ya Greenwich. Alama ya kutoa mbele ya nambari huonyesha kusini au magharibi. Ikweta iliwekwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Lakini mstari wa Greenwich ulichaguliwa na wajumbe waliokutana Washington mwezi wa Oktoba 1884, na pwani yetu haikuwa na mjumbe katika baraza lile. Hata hivyo mstari huo hutufaa sisi kama unavyowafaa waliouchagua.

Kilwa Kisiwani iko kwenye −8.958 na 39.523. Nikiandika nambari hizo darasani, wanafunzi wangu huona kisiwa cha kijani ndani ya ghuba, mikoko ukingoni, na maji yanayogeuka rangi kadiri kina kinavyoongezeka. Picha ikikaribishwa, huonekana mapaa ya wanakijiji, na karibu yake magofu. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa na Marekani mwaka 1972, haikuweza kupambanua kitu kilicho kidogo kuliko mita 80 hivi. Zilizo kali leo hupambanua kitu kisichofika mita moja. Hii ni neema, wala sitaki kuidharau. Kisiwa hiki kilitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na toka 2004 mpaka 2014 kilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Miongoni mwa adui zake ni mawimbi yalayo ufuko. Mwenye kulinganisha picha za miaka mbalimbali aweza kutambua hasara ambayo mpita njia haioni.

Mwaka mmoja mwanafunzi aliniuliza, “Mwalimu, kama Kilwa twaiona hapa, safari ya nini?” Swali lilikuwa la haki, maana njia ni ndefu na fedha ya safari ilikuwa haba. Nilimjibu kwanza kwa mfano wa Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari. Picha ya kutoka juu hulilaza genge hilo likawa sawa na uwanda. Msikiti Mkuu nao huonyesha kuba zake, ukaficha nguzo na matao yaliyozibeba. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu. Ukarimu hauna kivuli cha kupigwa picha.

Walakini jibu hilo halikunitosheleza mimi mwenyewe. Genge laweza kupimwa, na matao yaweza kupigwa picha kutoka ndani. Nikamwambia azigeuze nambari zile: ya pili iwe ya kwanza, na ya kwanza iwe ya pili. Akaandika 39.523 na −8.958. Dunia ikageuka, ikasimama Ureno, kilomita chache kutoka mji wa Alcobaça, wenye monasteri kubwa iliyoanzishwa mwaka 1153.

Hesabu haikukusudia neno. Hii ni sadfa tupu. Lakini ni kutoka Ureno zilikotoka merikebu za Francisco de Almeida, zilizoingia Kilwa mwezi wa Julai 1505, mji ukatekwa na kuporwa. Nikawaomba wanafunzi wazitazame picha mbili hizo pamoja. Hapakuwa na alama hata moja ya kusema kwamba watu wa huku walikwenda kule na silaha. Nchi ya aliyeteka na nchi ya aliyetekwa zililala chini ya jua moja, zote zimenyamaza.

Ushahidi mmoja umo vinywani mwetu. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka ule ule. Baadaye Waarabu wa Omani wakaijenga upya, na jengo hilo leo huitwa Gereza. Neno hili aghalabu husemwa kuwa limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Jina la nyumba ya ibada limeishia kuwa jina la nyumba ya kifungo! Meza, leso na bendera nayo yalikuja kwa njia hiyo. Mwanafunzi aliyeketi mezani kuitazama Kilwa amekwisha kuweka viwiko vyake juu ya historia ambayo picha haimwonyeshi.

Basi safari ni ya kuuliza zaidi kuliko ya kutazama. Anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hukuta wenyeji wenye majina ya visima, ya miti na ya makaburi, na kila jina lina kisa. Kwa sababu hii nawataka wanafunzi wangu waandike vyote viwili katika kazi zao: nambari, ili atakayefuata asipotee; na jina kama lilivyotamkwa na wenyeji, pamoja na kisa chake, ili akifika ajue amefika wapi.