Injini Iko Sawa

Ukifungua kifuniko cha oili ukute kitu kama chai ya maziwa, usiwashe hilo gari tena. Hilo nilijifunza Kinungi, kwenye mlima wa kutoka Naivasha, babangu akiwa ameketi juu ya jiwe kando ya barabara na karatasi zake za kliniki ndani ya bahasha.

Gari nilikuwa nalo wiki sita. Kagari kadogo, sisi 1,000, limepitia mikono ya watu watatu au wanne kabla yangu. Nililinunua shilingi 380,000. Pesa zilitoka kwa kuandika: matangazo ya mitandaoni, blogu za mawakili na, kusema ukweli, insha za wanafunzi wa Marekani ambao leo wana digrii kwa jasho langu. Mimi sina. Niliacha chuo mwaka wa tatu.

Wiki ya pili, kwenye jam ya Thika Road, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu. Fundi wa karibu na kwangu Githurai, kijana wa rika langu, akasema gasketi ya hedi imeungua. Alinieleza vizuri, akichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Gasketi inakaa kati ya bloku na hedi, ikizuia maji, oili na moto wa silinda visikutane. Ikiungua, vinakutana. Na injini ikichemka sana, hedi yenyewe hupinda kwa sababu ni ya aluminiamu, kwa hivyo lazima ipelekwe kwa mashine isawazishwe kabla ya kuwekewa gasketi mpya. Alijua yote hayo, na ndiyo maana nilimwamini. Nikampa 18,500: gasketi, oili, kulanti, kazi yake, na 4,000 za mashine.

Siku tatu baadaye akanirudishia gari, hata ameliosha.

"Siz, iko sawa kabisa. Imeshika."

Na kweli ilikuwa imeshika, bora usiende mbali kuliko Roysambu.

Baba aliendesha lori miaka 26, Mombasa hadi Malaba. Siku hizi anakaa Gilgil na ana sukari. Alipopata kliniki Nairobi nilimwambia asihangaike na matatu, nitamfuata. Ukweli ni kwamba nilitaka anione nikiwa nyuma ya usukani.

Kinungi, mshale ulipanda tena. Moshi mweupe ukajaa nyuma yetu. Nilipotaka kufungua redieta akanishika mkono: "Itakuchoma. Ngoja ipoe." Tulingoja karibu saa nzima. Kisha akafungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole, akaninyooshea.

"Hii ni nini, mami?"

"Oili."

"Oili iko hivi?"

Akainama akaangalia pale hedi inapokutana na bloku. Silikoni ya kijivu ilikuwa imefurika pembeni kama dawa ya meno.

"Hedi ilienda mashine?"

"Alisema ilienda."

"Ulimwitisha risiti?"

"Aliniambia iko sawa, Baba."

Akafuta kidole kwenye nyasi. Akatazama malori yakipanda polepole.

"Hata wewe uliniambia shule iko sawa."

Tangu niache chuo, hatukuwa tumewahi kuliongelea. Nilipoacha sikumwambia. Semesta mbili aliendelea kutuma karo na mimi nikaendelea kumjibu kuwa nasoma, iko sawa. Nililipia nyumba. Niliwaza kwamba nikipata kazi kubwa moja tu nitamrudishia, halafu ndio nimwambie. Binamu yangu akamwambia kabla yangu. Baba aliacha kutuma, na hakuuliza.

"Nilidhani nitarekebisha kabla hujajua," nikasema.

"Najua. Hata huyo fundi wako ni hivyo alidhani."

Nilimsimamishia matatu, akaenda peke yake na bahasha yake. Alifika kliniki saa nane, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Mimi nilibaki Kinungi nikingoja gari la kunivuta, nikihesabu mara ngapi mzee wangu amelipia makosa yangu.

Kwa fundi nilienda na matusi yamepangwa kichwani. Kwanza akasema siku hizi gasketi ni feki. Nikamwonyesha picha ya silikoni. Akanyamaza, halafu akasema, "Ile elfu nne nililipa nyumba. Nilidhani itashika kidogo, ikisumbua nikurekebishie bure."

Sentensi hiyo naijua. Nimewahi kuilalia na kuamka nayo. Lakini sikumwambia ni sawa, kwa sababu haikuwa sawa. Nilimwambia babangu mgonjwa alikuwa ndani ya hilo gari. Nilimwambia anirudishie pesa. Mpaka leo amerudisha 2,500, kwa M-Pesa, mia tano mia tano.

Kazi ilirudiwa Industrial Area. Safari hii nilisimama hapo hapo. Walilaza rula ya chuma juu ya hedi, na mwanga wa tochi ukapita chini yake. Ikasawazishwa. Wakarudisha pia thamostati, ambayo fundi wangu alikuwa ameitoa bila kuniambia. Jumla 31,000. Risiti ninayo.

Mwisho wa mwezi nilimtumia Baba 2,000. Akapiga simu.

"Hii ni ya nini?"

"Karo. Ile ya semesta uliyotuma nikiwa nimeshaacha."

Kimya. Nilisikia redio yake.

"Zilikuwa mbili," akasema.

"Zilikuwa mbili."

"Haya. Na gari, linakunywa maji?"

Mdomo ulikuwa tayari kusema iko sawa. Nikamwambia, "Ngoja, Baba, usikate," nikachukua tochi nikashuka nje kuangalia.