Ukishamtia Mtu Mafuta

Bibi yangu alikuwa somo Jambiani. Harusi ikikaribia, yeye ndiye aliyeitwa kumsinga mwari. Singo yake ilikuwa ya liwa, karafuu, asmini na waridi, imesagwa juu ya jiwe na kurowekwa kwa marashi. Aliipaka kuanzia shingoni mpaka vidole vya miguu, kisha akaisugua taratibu mpaka ikatoka vinundu vinundu na taka zote za ngozi. Mimi nilikuwa mshika bakuli. Malipo yake yalikuwa doti ya kanga na sukari, nayo yaliletwa nyumbani harusi ikishapita. Chumbani hayakutajwa. "Ukishamtia mtu mafuta, usimwombe kitu," aliniambia. "Amelala huyo, hawezi kukukatalia."

Mwaka 2006 nilipanda meli ya kitalii pale Miami, mkononi nina cheti cha kuchua mwili nilichokisomea London nikikaa kwa shangazi. Aliyeniuliza naenda kufanya kazi gani nilimjibu kwa fahari: kazi ya bibi yangu. Meli ilichukua abiria elfu mbili na ushei. Tuling'oa nanga Jumapili, tukapita Jamaika, Grand Cayman na Cozumel, na Jumapili ya pili tukarudi tulikotoka. Spa ilikuwa deki ya juu, upande wa mbele, na kutoka dirishani uliiona bahari yote imelala mbele yako.

Abiria wengi hawajui kwamba spa ya melini mara nyingi si ya wenye meli. Huendeshwa na kampuni nyingine, na mapato hugawanywa baina yao. Sisi wachuaji tulikula kamisheni. Meli ikitia nanga bandarini abiria hushuka kutembea, vitanda vyako hubaki vitupu, na siku hiyo huna kitu. Riziki ilikuwa siku za safari, bahari pande zote, watu hawana pa kwenda.

Meneja wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo aliyezeeka kwenye saluni za meli. Kabla hujapewa abiria hata mmoja, alilala yeye mwenyewe kitandani umchue. Mkono ukiwa mzito au una papara, alikurudisha ukajifunze upya. Bidhaa zilikuwapo, kwenye kabati la kioo karibu na mlango, na aliyetaka alijiulizia bei mwenyewe.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Mkataba ulikuwa wa miezi minane au tisa, halafu unakwenda nyumbani, na kila niliporudi nilikuta jambo jipya. Uchumi wa Marekani ulipoyumba mwaka 2008, nauli za safari zilishuka ili vyumba visibaki wazi, huku meli zikizidi kuwa kubwa. Mwaka 2009 ilizinduliwa Oasis of the Seas, yenye uwezo wa kubeba abiria zaidi ya elfu tano. Nauli ikawa chambo. Faida ikatafutwa humo humo ndani: vinywaji, kasino, matembezi ya bandarini, na sisi.

Fomu ya afya, ambayo zamani iliuliza presha, ujauzito na mzio, sasa ikauliza pia tumbo, usingizi, makunyanzi na uchovu. Tukafundishwa kwamba kila kisanduku atakachotia alama ndio mlango wa kumwuzia. Dakika 50 za kuchua zilimegwa: tano za mwisho ni za kukaa karibu yake na kumwandikia karatasi ya bidhaa, kama dawa anazoandika daktari, na yeye bado amejifunga taulo. Siku ya kupanda meli palikuwa na bahati nasibu, na asiyekuwapo ukumbini hakushinda. Ndivyo spa ilivyojaa. Zikaja semina za kuwakanyagisha watu kwenye wino ili wauziwe soli za viatu. Zikaja sindano za makunyanzi. Jioni tulikusanywa, majina yakasomwa kwa sauti, kila mmoja na dola alizouza. Hakuna aliyesoma nani alichua vizuri. Wa mwisho alipelekwa kusimama mlango wa chakula akigawa vikaratasi, saa zake za kupumzika.

Lililoniuma zaidi lilikuwa la mwani. Kwetu pwani ya mashariki ya Unguja kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, na mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake walioshuka kupwani mapema, maji yakitoka, kufunga mbegu kwenye kamba. Vidole vyake vilichanika kwa chumvi. Kilo iliyokauka aliiuza kwa mamia machache ya shilingi. Melini niliambiwa niwaeleze abiria kwamba wakipakwa mwani na kufungwa kwenye nailoni, sumu itatoka mwilini, kisha niwauzie mikebe ya kuendelea nayo nyumbani. Nilisoma chuoni kwamba kutoa sumu ni kazi ya ini na figo. Mwani hulainisha ngozi, basi. Lakini nilisema nilichoambiwa niseme.

Mwaka 2012 aliingia mama mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu, bega la kulia limekakamaa. Nilipolifikia akaanza kulia polepole, uso wake umo ndani ya tundu la kitanda. Akaniambia mumewe amekufa mwaka uliopita, na tangu siku ile hakuna aliyemgusa. Nikanyamaza nikaendelea kumchua. Saa ilipofika nikakaa, nikatoa karatasi, nikaandika. Alinunua kila nilichoandika, zaidi ya dola 300, bila kuuliza hata moja. Jioni jina langu lilisomwa la kwanza, wenzangu wakanipigia makofi, nami nikamsikia bibi waziwazi kama amesimama nyuma yangu.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingine saba, kwa kuwa nilikuwa na wadogo zangu shuleni, lakini jina langu halikusomwa tena la kwanza. Mkataba wa mwisho ulikwisha 2019. Machi iliyofuata korona ikazisimamisha meli, na mimi nikawa tayari nina chumba kimoja uani kwetu Jambiani, bei imeandikwa mlangoni.

Wewe utakayesafiri, au mwanao aliyeko Toronto au Muscat atakayekukatia tiketi, usimchukie binti utakayemkuta kitandani pa kuchulia. Anakula kwa kamisheni, na jioni jina lake litasomwa. Ila kabla hujalala mwambie: "Leo sinunui kitu, mwanangu, nataka mikono yako tu." Mkweli atashusha pumzi, na utapata dakika zako zote. Risiti ikija isome. Aghalabu bakshishi ya asilimia 18 au 20 imeshatiwa humo, na ule mstari mtupu chini yake si deni. Ukitaka kumpa zaidi, mpe mkononi mwake, ukishavaa nguo zako.