Ngazi kabla ya Kisu

Mganga anayetaka kukata sehemu ya pafu lenye kansa hukabili swali gumu: je, mgonjwa huyu ataweza kuishi kwa kile kitakachobaki? Kipimo cha kupuliza hewa hujibu nusu tu, kwa maana mgonjwa huwa ameketi. Mtu akipanda ngazi, mapafu, moyo, damu na misuli ya miguu hudaiwa vyote kwa pamoja, kama vitakavyodaiwa baada ya kisu.

Kwa hiyo ngazi za hospitali zimekuwa kipimo. Mgonjwa hupanda kwa mwendo wake, muuguzi akiwa ubavuni, mpaka pumzi imzuie. Kisha huhesabiwa kimo alichofikia. Mwongozo wa waganga wa kifua wa Marekani wa mwaka 2013 unahusu wale ambao kipimo cha kupuliza kimeacha shaka. Akipanda zaidi ya mita 22, yaani kama ghorofa sita au saba, mgonjwa huhesabiwa kuwa na hatari ndogo. Pasipo ngazi, hutembea kwenda na kurudi kati ya alama mbili, mlio ukimharakisha kila dakika. Hapo hutakiwa mita 400.

Baba yangu mdogo, akaaye Ubelgiji, alipandishwa hivyo. Ni mtu wa fahari (alivuta sigara miaka 30, wala hapendi kuulizwa). Alikaza meno ili afike juu mbele ya binti yake. Muuguzi akamzuia: "Mzee, hapa hatutafuti shujaa. Ukituficha pumzi yako, umetuficha hatari yako." Akaketi ghorofa ya nne, amenuna. Kwangu mimi, neno lile la muuguzi lilikuwa tiba tayari.

Maana kusimama si kunyimwa matibabu. Asiyefika hupandishwa baiskeli isiyosogea, amefunikwa pua na kinywa, ipimwe oksijeni anayoitumia. Ndipo waganga huweza kuamua kukata sehemu ndogo zaidi, kumpa kwanza majuma machache ya mazoezi, au kutumia mionzi badala ya kisu.

Basi mnapomsindikiza mzee, msimhimize aongeze mwendo. Mwambieni mganga hupumzika mara ngapi atokapo sokoni. Wala msimpandishe ngazi nyumbani ili kumjaribu: hospitalini kipo kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni, na yupo mtu ajuaye wakati wa kumwambia aketi.