Kujihami Huanza Mdomoni

Uccle, Brussels

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Uccle, manispaa ya kusini mwa Brussels inayopakana na msitu wa Soignes. Huku nyumba zina bustani na mitaa ni kimya. Miongoni mwa wanaozisafisha nyumba hizo kwa mfumo wa vocha za serikali wamo wanawake waliotoka Afrika, na mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo wengi hurudi makwao gizani. Haishangazi kwamba mafunzo ya kujihami yana soko katika jiji hili. Sheria ya silaha ya Ubelgiji ya mwaka 2006 imepiga marufuku hata kopo la dawa ya pilipili, hivyo anayetaka kujilinda hubaki na mwili wake, sauti yake na akili yake. Hoja yangu katika barua hii ni kwamba mafunzo haya yana faida inayoweza kupimwa, mradi yafundishe kumkabili mtu tunayemjua kabla ya kufundisha kumpiga mtu tusiyemjua. Mafunzo ya namna hiyo yanastahili kuingia katika shule zetu.

Brussels ina madarasa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya krav maga na michezo mingine ya mapigano: mikeka, glavu, jasho, na mshambuliaji wa kuigiza anayetokea nyuma yako. Ni mazoezi mazuri kwa afya na kwa ujasiri, lakini ustadi wake hudai miezi mingi na mara nyingi humwandaa mtu kwa hatari moja tu, ile ya mgeni barabarani. Ya pili ni yale ya Garance, shirika lililoanzishwa jijini humu mwaka 2000, ambalo mmoja wa waasisi wake, Irene Zeilinger, ameandika pia kitabu cha kujihami kwa wanawake. Humo pigo la kiwiko lipo, ila linatanguliwa na mambo mengine: kutambua mapema kwamba mtu anavuka mpaka, kusema hapana bila kuomba radhi, kupaza sauti, kuondoka, kuomba msaada. Ngumi ni akiba ya mwisho.

Mpangilio huo unalingana na hatari ilivyo. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenzi au jamaa zao, wastani wa 140 kila siku, na Afrika ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko mabara yote. Sisi tuna majina. Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, na aliyeshtakiwa ni mumewe. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto Septemba 2024 na mwanamume aliyewahi kuwa mwenzi wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisemi kwamba darasa lingewaokoa. Hakuna teke linalozima petroli. Nasema mafunzo yanayomtazama mgeni wa gizani pekee yanaiacha wazi njia inayopitiwa na wauaji wengi.

Je, mafunzo haya yanafanya kazi? Ushahidi mzuri umetoka kwetu. Jijini Nairobi, watafiti walifuatilia wasichana 1,978 wa sekondari kutoka mitaa minne ya mabanda. Miongoni mwa waliopewa masomo ya kujihami, yakiwemo ya maneno na ya mwili, mashambulizi ya kingono yalipungua kutoka 17.9 hadi 11.1 kwa kila wasichana 100 kwa mwaka, na zaidi ya nusu walisema walitumia walichojifunza kumzuia mshambuliaji. Wenzao ambao hawakupewa masomo hayo walibaki karibu palepale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Msomaji makini atauliza: vipi kama makundi yale mawili yalitofautiana tangu mwanzo? Swali ni la haki, na jibu lilitoka Kanada mwaka mmoja baadaye. Mtafiti Charlene Senn na wenzake waliwagawa kwa kura wanafunzi 893 wa vyuo vikuu vitatu. Katika mwaka uliofuata, waliobakwa walikuwa asilimia 5.2 ya waliohudhuria mafunzo, dhidi ya 9.8 ya wale waliopewa vipeperushi tu. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya saa 12, na sehemu kubwa yake ilihusu wanaume wanaofahamika na aibu inayomzuia msichana kumkatalia rafiki.

Pingamizi zito ni kwamba tunambebesha mwathirika mzigo wa mkosaji. Nalipokea, kisha nalijibu: kumfundisha mtu kuogelea hakumwondolei mwenye feri wajibu wa kuweka maboya. Ubelgiji yenyewe haikuchagua kimoja. Garance inafundisha, na tangu 2017 vipo vituo vinavyopokea waathirika wa ukatili wa kingono saa 24, vyenye matibabu, ushauri na polisi wa kuandika malalamiko mahali pamoja. Nyumbani tuna madawati ya jinsia katika vituo vya polisi, na Zanzibar ina vituo vya mkono kwa mkono vya namna hiyo hiyo. Lakini baba wa Cheptegei alisema malalamiko yalikwisha kufikishwa polisi. Sauti ya mwanamke hufaa pale tu penye anayeisikia, kwa hiyo madai ya mafunzo na madai ya polisi wanaowajibika yaende sambamba. Wavulana nao wafundishwe: Nairobi, waliopata masomo yao waliingilia kati unyanyasaji mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Wapo wanaohofia kwamba kujitetea humchochea mshambuliaji. Tafiti za Marekani zimeonyesha kinyume: upinzani hupunguza uwezekano wa ubakaji kukamilika, na majeraha mengi hutangulia upinzani badala ya kuufuata. Penye kisu au bunduki, mkufunzi wa kweli atakwambia ukimbie au utoe simu. Wengine watasema binti anayefundishwa kupiga kelele anapoteza adabu. Adabu tuliyorithi ni ya kuheshimiana. Haijawahi kumtaka mtoto anyamaze mjomba anapomshika vibaya. Bibi zetu wa Korogocho, Nairobi, wamelielewa hilo: katika kundi la Shosho Jikinge hukutana kujifunza ngumi na ukelele wa kukataa.

Saa 12 za mafunzo kama yale ya Kanada ni chache kuliko zile tunazotumia kukaririsha watoto mito ya Ulaya. Hazihitaji maabara wala mashine, ila darasa, mkufunzi aliyeandaliwa vyema na mwalimu mkuu asiyeona haya. Wizara za elimu za Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa zianze na shule chache, zigawe kwa kura zipi zianze mapema, kisha zichapishe matokeo hata yasipopendeza. Mkiona tangazo la darasa mtaani kwenu, kabla ya kulipa ulizeni swali moja: mnafundisha nini kuhusu mtu ninayemjua? Wasipokuwa na jibu, tafuteni kwingine.